Mshono wa Ijumaa

Pale palipokuwa kiwanda cha maturubai siku hizi wanauza vigae vya bafuni. Ukipita asubuhi utaviona vimeegemezwa ukutani, vyeupe na vya bluu, na asiyejua hawezi kudhani kwamba ndani ya jengo lile wanawake ishirini na sita waliwahi kukaa mbele ya cherehani, safu mbili zinazotazamana, wakishona mahema, vifuniko vya malori na mashanta ya kubeba mgongoni. Kelele za mashine zile zilisikika mpaka duka la dawa la kona ya pili. Wenye duka walizizoea kiasi kwamba umeme ukikatika walitoka nje kuuliza kuna nini.

Kidole hupita hapo kila Alhamisi. Jina hilo alipewa wiki yake ya kwanza kazini, siku sindano ya cherehani ilipomtoboa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, naye badala ya kupiga yowe akauliza, "Sasa gurudumu nilizungushe mbele au nyuma?" Wenzake walicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye karatasi za ofisi tu. Sasa ana miaka hamsini na tisa na wajukuu wawili, na bado wapo watu wanaomwita Kidole kutoka ng'ambo ya barabara. Huitika.

Wakati ule alikuwa na ishirini na mitatu. Alianza kwa kushona mifuko ya pembeni, kazi isiyoweza kuua mtu. Baada ya miezi saba fundi wa mikanda akaenda kujifungua, Kidole akahamishiwa kiti chake. Kila fundi alikuwa na namba yake, imechapwa kwenye kitepe cha kitambaa na kushonwa ndani ya mfuko wa juu wa shanta. Yake ilikuwa kumi na tisa. Aliifurahia namba hiyo kama mtu aliyeandikwa gazetini.

Mkuu wa meza ya kukatia alikuwa mama mmoja mfupi, mabega mapana, mkasi umening'inia shingoni kwa utepe mwekundu. Mama Mkasi, ndivyo alivyoitwa, hata na mwenye kiwanda. Baba yake alikuwa mlinzi wa msitu, na utotoni alimfuata baba huyo milimani kama mkia. Ukubwani aliolewa mjini, akazaa, akalea, lakini kila mwaka alichukua siku zake za mapumziko akapotelea huko juu na shanta lake. Mumewe alikuwa ameshaacha kuuliza.

Siku moja alisimama nyuma ya kiti cha Kidole, akamtazama akishona.

"Wewe Kidole. Umewahi kubeba shanta?"

"La shule, Mama."

"Huo ni mfuko wa madaftari. Nasema shanta. Siku nne, chakula chako mgongoni, nyumba yako mgongoni."

"Hapana, sijawahi."

"Basi unapika bila kuonja. Mwezi ujao tunakwenda mimi na wewe."

Kidole alidhani ni mzaha. Ikawa si mzaha.

Nyumbani habari ile haikupokelewa vizuri. Mama yake mzazi alikuwa anaosha vyombo. Akaacha sahani ndani ya maji, akageuka.

"Mwanangu, nyumba hii ina vitanda vinne. Ni kipi kilichokukosea mpaka ukalale chini?"

"Nakwenda kujifunza, Mama."

"Kujifunza kutembea? Ulijifunza una miezi kumi na mmoja, mimi mwenyewe nilikuwepo." Akairudia sahani yake. "Mtembezi hula miguu yake. Usije ukasema hukuambiwa."

Masomo yalianza kiwandani, jioni, wengine wakishaondoka. Siku ya kwanza Mama Mkasi alimwambia afungashe kila anachoona kitamfaa na alete. Kidole akaja amejikunja kama mgonjwa wa kiuno. Mama Mkasi akalitundika shanta kwenye mizani ya kupimia majora ya turubai: kilo kumi na tisa na nusu.

"Umeua mtu ukamtia humu?"

Akalimimina lote juu ya meza ya kukatia. Ukatoka mto wa kulalia. Ikatoka sufuria nzito na kifuniko chake, chupa ya chai ya kioo, magauni matatu, ndala, kioo cha ukutani, chupa nzima ya mafuta ya nywele na pasi. Pasi ya umeme.

"Hii utaichomeka wapi? Kwenye mti?"

"Sikufikiria, Mama."

"Ulifikiria sana, ndiyo shida." Akagawa vitu mafungu mafungu. "Hivi utavitumia kila siku. Hivi utavitumia ukipatwa na jambo. Na vyote hivi umebeba kwa sababu ya woga." Fungu la woga lilijaa nusu ya meza.

Jioni zilizofuata alimfundisha kupanga: vizito vikae katikati, karibu na uti wa mgongo, vyepesi chini, koti la mvua juu kabisa, kwa sababu mvua haikusubiri ufungue kamba. Alimfundisha kuliinua shanta kwanza mpaka pajani, ndipo aingize mkono. Alimfanya avae mabuti mapya kazini wiki tatu mfululizo ili yamzoee, na mafundi wenzake wakawa wanapiga makofi kila akiinuka kwenda chooni, kushoto kulia, kushoto kulia, kama askari wa gwaride. Jumamosi walikwenda ua wa nyuma kutandaza turubai na kamba. Kidole akashangaa kwamba kitu alichokishona kwa miezi hakujua kabisa jinsi kinavyosimama.

Lakini somo ambalo mpaka leo akilikumbuka hutabasamu peke yake ni lile la ramani. Alikuwa haoni chochote kwenye ile karatasi ila mistari ya kahawia iliyojikunja kama tambi. Mama Mkasi akachukua kipande cha turubai, akakikusanya katikati ya meza mpaka kikawa kilima chenye mabega mawili na bonde kati yake. Akakiegemeza kwa rili za uzi ndani. Halafu akachukua chaki ya fundi, akazungusha mstari chini kabisa, kimo kimoja pande zote. Akapanda vidole viwili, akazungusha mwingine. Akapanda tena, mpaka kileleni.

"Haya. Sasa vuta kitambaa."

Kidole akavuta. Kilima kikalala, kikawa kitambaa bapa, na mistari ya chaki ikabaki imelala vilevile kama ile ya ramani.

"Ilipobanana?"

"Palikuwa pamesimama. Mwinuko mkali."

"Na ilipoachana?"

"Pametulia." Akainua uso. "Mama! Kumbe ni mlima umepigwa pasi!"

Mama Mkasi alicheka mpaka akashika meza. "Basi pasi yako imepata kazi."

Walianza safari Jumatano. Lori la mbao liliwashusha mwisho wa barabara, dereva akawaangalia wanawake wawili na mizigo yao, akatikisa kichwa, akaondoka. Mashanta yote mawili yalikuwa mapya kutoka stoo. Ilikuwa desturi ya Mama Mkasi kubeba mzigo wa kiwanda ili ajue wateja wanapewa nini. Mahema hawakuchukua, turubai moja tu.

Siku ya kwanza Kidole alidhani atakufa, na zaidi ya hapo alidhani kufa kungekuwa nafuu. Mabega yaliwaka. Kisigino cha kulia kiliota lengelenge, akanyamaza kwa aibu, akanyamaza saa nzima, mpaka Mama Mkasi akageuka.

"Unachechemea."

"Kidogo tu."

"Kaa chini, vua. Huku porini hakuna 'kidogo tu'. Kinachouma kiseme kingali kidogo." Akamfunga plasta kwa mkono mwepesi. "Pumzika kabla hujachoka. Kunywa kabla hujasikia kiu. Ukingoja mwili ukuombe, umeshachelewa."

Hata kuchimba dawa kulikuwa na somo lake: hatua mia kutoka kwenye maji, shimo la kina cha kiganja, na kufukia. Kidole alirudi amebeba koleo dogo la kuchimbia, uso umemwiva, na Mama Mkasi akamuuliza kama mkaguzi, "Umefukia?" "Nimefukia." "Umepotea?" "Kidogo tu." Wakacheka wote.

Jioni Kidole alitandaza turubai mwenyewe, akaelekeza mdomo wa turubai upepo unakotoka, likavimba kama shavu la mtoto anayepuliza chai. Mama Mkasi alikaa kwenye jiwe akimenya njugu mpaka Kidole akagundua mwenyewe na kuanza upya. Walichemsha maji, wakanywa chai kwenye vikombe vya bati. Jua likaondoka mgongo mmoja wa vilima baada ya mwingine, na Kidole, ambaye maisha yake yote alilala akisikia redio ya jirani, alisikia ukimya kwa mara ya kwanza. Alisema baadaye kwamba ulikuwa na uzito, kama blanketi.

Siku ya pili asubuhi mambo yakageuka. Miguu ilikubali. Njia ilipita kwenye mgongo mrefu wa nyasi, pande zote mbili mabonde, na Mama Mkasi akampa ramani atembee mbele. Kidole akawa anataja: "Hapa tutashuka kidogo. Hapo mbele kijito upande wa kulia." Na kijito kikawepo! Aliona fahari ambayo hajawahi kuipata mbele ya cherehani. Mama Mkasi nyuma yake alikuwa anaimba chinichini bila maneno. Ile saa mbili ya asubuhi, anasema Kidole, kama angeulizwa airudie siku moja tu ya ujana wake, wala asingechagua siku ya harusi yake.

Baada ya saa sita mchana njia ikawa nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, kulia korongo. Mama Mkasi alikuwa ametangulia. Kidole akasikia sauti fupi, prrr, sauti anayoijua kila fundi, ya uzi unaokatika kwa mfuatano. Mkanda wa kushoto wa shanta la Mama Mkasi ulichomoka pale juu, mzigo wote ukamvutia kulia, akapepesuka, akaenda chini. Shanta likamtoka begani likabingirika mpaka chini ya korongo. Yeye aliteleza urefu wa watu wawili akazuiliwa na kichaka.

"Mama!"

"Nipo. Goti."

Kidole alimfikia kwa makalio, akamvuta mpaka njiani. Goti la kulia lilikuwa limeshaanza kuvimba. Uso wa Mama Mkasi ulikuwa umetoka jasho, lakini sauti ilikuwa ileile ya meza ya kukatia.

"Usinivue buti, likitoka halitaingia tena. Nenda kalete shanta, chakula kimo humo na turubai. Shuka kwa kupinda, usishuke wima."

Kidole akashuka kwa kupinda. Alilikuta shanta limeegemea jiwe, halijapasuka popote ila pale mkanda ulipotoka. Akalitazama kwa jicho la kazi. Mkanda wa begani hushonwa mistari miwili kwa uzi mnene, kisha msalaba juu yake, halafu kipande cha kitambaa hufunika ili maji yasiingie. Hapa palikuwa na mstari mmoja tu, uzi mwembamba, bila msalaba. Kifuniko kilikuwa kimeshonwa vizuri sana, kizuri kuliko vyote, hata mkaguzi asingeona kitu.

Hakuhitaji kufungua mfuko wa juu. Alifungua hata hivyo. Kumi na tisa.

Aliikumbuka Ijumaa ile kana kwamba imesimama mbele yake. Kesho yake ilikuwa harusi ya dada yake, msusi alimwambia asipofika kabla ya saa kumi atampa mwingine nafasi. Sindano nene ilivunjika mchana. Kwenda stoo kuomba nyingine ni karani, ni daftari, ni maneno. Akaweka sindano nyembamba na uzi mwembamba, akajiambia kitambaa chenyewe kigumu, kitashika. Harusini watu wote walizisifia nywele zake.

Mfukoni alikuwa na kimkasi cha kukatia uzi, hakitoki mfukoni mwa fundi hata akilala. Alikaa chini ya korongo lile muda ambao hakuweza kuupima. Juu, Mama Mkasi aliita, "Umelipata?" Akajibu, "Nimelipata!" Na mkono wake, anasema mwenyewe hajui kama aliutuma, ukakata nyuzi nne za kitepe, ukakitia mfukoni.

Jioni ile alifanya yote bila kuambiwa. Akatandaza turubai mdomo ukiupa upepo kisogo, akachota maji, akalowesha kitambaa cha kukanda goti, akapika. Alikata gauni lake moja vipande virefu akalifunga goti. Kisha akatoa sindano na uzi mnene, akaushona upya ule mkanda kwa mkono, mistari miwili na msalaba, akivuta kila mchomo wa uzi mpaka vidole vikachubuka. Mama Mkasi, amelala na mguu juu ya shanta la pili, alimtazama muda mrefu.

"Lete niuone."

Akaupitisha mshono chini ya kidole gumba. Akafungua mfuko wa juu akatia mkono ndani, kama anayetafuta kitu, akautoa. "Umeshona vizuri," alisema. Basi. Kidole alilala macho wazi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu kama maziwa. Walitazama ramani pamoja. Njia waliyokuja nayo ilikuwa na miinuko ambayo goti lile lisingeiweza. Upande wa pili, bondeni, palikuwa na alama ya kijumba: kituo cha walinzi wa msitu. Mtu mwenye miguu mizima angefika kwa muda wa saa tatu.

"Mimi nitakuwa naangalia nakanyaga wapi," alisema Mama Mkasi. "Siwezi kuangalia na njia. Wewe utatutoa."

"Na nikikosea?"

"Tutakuwa tumekosea."

Kidole alijitwisha karibu mzigo wote, Mama Mkasi akabaki na maji na fimbo. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aliwaza, walimaanisha ukiwa bado begani kwa mwenzio. Waliondoka. Alikuwa akitembea hatua hamsini, anasimama, anaangalia dira, anasubiri. Nyuma yake fimbo ikagonga, tok, tok, na pumzi nzito, bila lalamiko.

Baada ya saa moja na nusu ramani ilisema kijito kitakuwa mkono wa kushoto. Alikisikia, lakini kulia. Akaenda hatua nyingine ishirini akiomba kihame. Hakikuhama. Akasimama.

"Mama, nimechukua bega la mlima lisilo lenyewe. Inabidi turudi juu."

Alingoja atukanwe. Mama Mkasi aligeuza fimbo yake, akaanza kupanda. Ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa mzima; kwa goti lile ilikuwa saa nzima, na mara mbili Kidole alimwona akiuma kola ya koti lake. Walipofika pale njia zilipoachana wakakaa. Ukungu ukaanza kuondoka, na bonde likajitokeza chini kipande kwa kipande, pana, limejaa miti, na kule mbali kabisa paa dogo la bati.

Kidole aliliona paa, na badala ya furaha ikamjia hesabu. Siku ile ya Ijumaa, baada ya sindano kuvunjika, hakushona shanta moja. Alishona kumi na mawili. Moja lilikuwa hapa. Kumi na moja yalifungwa Jumatatu yakapelekwa kwa kikosi cha uokoaji, wale wanaowashusha watu waliovunjika miguu kwenye majabali. Wao hawatembei kwenye njia zenye vichaka vya kuwazuia.

Akatoa kitepe mfukoni, akakiweka juu ya paja la Mama Mkasi.

"Ni mimi," alisema. Alitaka kueleza habari za sindano, akaona aibu ya kuzieleza, akaziruka. "Mshono ni wangu."

"Najua. Matundu ya kitepe yanabaki, mwanangu. Nimekata vitambaa miaka ishirini na mbili."

"Sijamaliza. Si hilo moja. Ni kumi na mawili. Yaliyobaki wanayo waokoaji."

Hapo ndipo uso wa Mama Mkasi ulipobadilika. Hilo hakuwa akilijua. Hakupaza sauti, ingekuwa heri angepaza. Alitazama lile paa kule chini, akakitia kitepe mfukoni mwake, akanyoosha mkono ili ainuliwe.

"Pale kituoni wana redio ya mawasiliano. Tembea."

"Mama, nisa—"

"Utalia tukifika. Sasa hivi kuna watu kumi na mmoja mgongoni kwako. Tembea."

Walifika alasiri. Kabla ya kuomba hata maji, Kidole alimwomba mlinzi redio. Aliyataja mashanta kwa rangi na kwa namba, akasema mikanda yake ni mibovu, yasibebwe. Mlinzi akamuuliza, "Nani anasema?" Akataja jina lake kamili, lile la kwenye karatasi za ofisi, na likamkaa mdomoni kama la mtu mwingine. Ndipo akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia.

Yote kumi na moja yalirudi. Tisa yalikuwa hayajaguswa. Mawili yalishatumika, na moja mkanda wake ulikuwa umefumuka nusu. Mwenye nalo alikuwa ameufunga kwa kamba akidhani kosa ni lake, amezidisha mzigo. Kidole aliyafumua yote akayashona upya, akikaa peke yake baada ya kazi, na hakuna aliyempa pole wala aliyemsema.

Mwenye kiwanda aliwaita ofisini. Alikuwa mtu mwembamba mwenye hasira za haraka, na barua ya kumfukuza Kidole ilikuwa imeshachapwa, imelala mezani. Mama Mkasi aliingia na magongo mawili.

"Huyu binti amekuvunja mguu," alisema mwenye kiwanda.

"Mguu wangu umevunjwa na jiwe. Niliteleza. Mikanda tumeikuta mibovu tulipoikagua. Hilo ni jambo lingine, na ametoa taarifa yeye mwenyewe. Ukimfukuza anayesema, kesho utabaki na wanaonyamaza. Na mashanta yako yatabebwa na watu."

Mwenye kiwanda alimtazama Kidole. Kidole alifungua mdomo, na Mama Mkasi akamkanyaga kwa ncha ya gongo, taratibu, bila kumwangalia. Barua ikarudi kwenye mtoto wa meza. Kidole alishushwa akarudi kushona mifuko ya pembeni mwaka mzima, na akaona ni sawa.

Goti lile halikupona kwa ukamilifu. Mama Mkasi aliweza kutembea sokoni, kupanda ngazi, hata kucheza kidogo kwenye harusi za watoto wake, lakini milimani hakurudi tena. Mwaka uliofuata, siku zake za mapumziko zilipofika, alimwita Kidole kwenye meza ya kukatia, akamkabidhi dira aliyoachiwa na baba yake na fundi mpya aliyeajiriwa mwezi uliopita, msichana aliyeogopa mjusi.

"Mpeleke," alisema. "Uje unihadithie."

Kidole akampeleka, akarudi akahadithia. Mwaka mwingine akampeleka mwingine. Kwa miaka kumi na minane, mpaka kiwanda kilipofungwa, hakuna fundi aliyegusa mkanda wa bega kabla ya kulala porini siku tatu. Walikuwepo waliolia, waliogombana naye njiani, na mmoja aliyepotelea kwenye ukungu nusu saa akakutwa amekaa juu ya shanta lake, anasuka nywele. Aliwafundisha mlima uliopigwa pasi, na kila mara uso ule wa "kumbe!" ulipotokea alitamani Mama Mkasi angekuwepo auone.

Sasa Mama Mkasi ana miaka themanini na minne. Anaishi kwa binti yake, chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama vilima, na Alhamisi ndiyo siku yao. Kidole huja na matunda na habari za mafundi wa zamani: nani amepata mjukuu, nani miguu inamsumbua. Halafu huja ombi lilelile.

"Haya, nipeleke."

Na Kidole humpeleka. Huanzia mwisho wa barabara, lori la mbao, kijito cha kwanza, ule mgongo mrefu wa nyasi. Mama Mkasi husikiliza amefumba macho, mara kwa mara humsahihisha: "Hapana, jiwe kubwa linakuja kabla ya msitu." Na kweli linakuja kabla.

Alhamisi iliyopita mjukuu wa Mama Mkasi, msichana wa chuo, alikuwa amekaa nao anamenya machungwa. Akauliza bibi aliumiaje goti.

"Jiwe," alisema Mama Mkasi. "Nilikanyaga jiwe lililolegea."

Kidole aliweka kikombe chini. Miaka thelathini na sita alikuwa amelinyamazia jiwe hilo, kwanza kwa woga, kisha kwa mazoea.

"Mama, haikuwa jiwe. Ilikuwa mkanda. Mshono wangu."

"Mkanda gani?"

"Wa shanta. Ulikatika, wewe ukaanguka. Na kitepe cha namba yangu nilikikata."

Mama Mkasi alimtazama kwa macho yaliyofifia, akitafuta. Kidole aliona kwamba hatafuti kwa kujifanya. Lile jiwe alilolitaja ofisini kwa ajili ya mtu mwingine, miaka ilikuwa imelipa uzito wake na mahali pake pale njiani, na sasa lilikuwepo.

"Mtoto huyu," Mama Mkasi alimwambia mjukuu wake, "alikuwa na ishirini na mitatu, hajui kaskazini wala kusini, na ukungu umeshuka hivi. Akanitoa. Halafu leo anakuja kunifundisha nilivyoanguka. Mimi nilikuwepo!"

Mjukuu alicheka. Kidole naye, baada ya muda, akacheka, akijifuta macho kwa upindo wa kanga yake.

"Endelea basi," alisema Mama Mkasi, akifumba macho tena. "Tulikuwa tumeliona paa."

Kidole akasogeza kiti karibu na dirisha, akaendelea.